Kabla hujaandika "mvua zimepungua": kwa wadogo zetu mnaoanza uzamili wa tabianchi

Kila mara mapendekezo ya utafiti yanapoanza kwenda kwenye jopo, kosa ni lile lile. Sura ya kwanza inasema mvua zimepungua. Sura ya nne inathibitisha kwamba mvua zimepungua. Katikati kuna jedwali la Excel ambalo mwanafunzi alipewa, akalijumlisha, akachora grafu na kulifunga moja kwa moja. Wadogo zetu, mnaingia programu hizi za uongozi wa tabianchi na uendelevu mkiwa na moyo, na moyo huo tunaupenda. Lakini kesho mtakaa na mkurugenzi wa halmashauri mkimshauri kuhusu mbegu za mtama au bwawa la umwagiliaji, na atawasikiliza kwa sababu mmekuja na grafu. Kwa hiyo tuanzie hapo kwenye grafu.

1. Pengo si sifuri.

Chukua kituo cha ukanda wa kati, tuseme Dodoma, ambako mvua ni za msimu mmoja, Novemba hadi Aprili. Unapewa mvua za kila siku tangu 1981. Humo ndani mna namba, mna nafasi tupu, mna -99.9, na hapa na pale mna herufi inayoonyesha manyunyu yasiyopimika. Kila alama ina maana yake. Manyunyu yasiyopimika unayahesabu sifuri unapojumlisha. Ile -99.9 ni pengo: siku hiyo hakuna kipimo. Nafasi tupu ndiyo yenye utata, kwa sababu wapo waliokuwa wakiacha wazi siku ambazo hazikunyesha. Julai yote ikiwa tupu Dodoma, huenda ni kiangazi tu. Januari yote ikiwa tupu, hilo ni pengo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Iulize ofisi iliyokupa data, usikisie.

Anachofanya mgeni ni hiki. Anajumlisha, -99.9 zinamletea mvua hasi, anashtuka, anazigeuza zote kuwa 0. Nafasi tupu hazioni kabisa, maana SUM ya Excel inaziruka kimya kimya. Sasa piga hesabu: kama kawaida ya msimu ni mm 600 na Januari peke yake huleta mm 130, msimu uliokosa Januari utasomeka mm 470. Misimu minne au mitano ya namna hiyo ikiangukia miaka ya karibuni, labda kwa kuwa kipimo kiliharibika au msomaji wake alistaafu na nafasi ikakaa wazi, jaribio la Mann-Kendall, linalopima kama namba zinapanda au kushuka kadiri miaka inavyokwenda, litakuletea mwelekeo wa kushuka uliokamilika na p yake nzuri, yaani ndogo, kana kwamba mwelekeo huo si wa bahati tu. Jaribio linapokea namba ulizolipa. Halina njia ya kujua kwamba zile sifuri umezitia wewe.

Kinachouma zaidi ni kwamba hakuna anayeshtuka. Mwelekeo wa kushuka unakubaliana na walichosema wakulima kwenye dodoso, unakubaliana na mapitio ya maandiko, na msimamizi ana wanafunzi wengine wengi wanaomsubiri mlangoni. Tasnifu inapita ngazi zote hadi kwa mtahini wa nje, naye anauliza swali moja: mwezi huu una siku ngapi zilizopimwa? Kimya. Baada ya hapo sura ya nne inaandikwa upya, ya tano inaifuata kwa sababu imejengwa juu yake, mapendekezo kwa halmashauri yanafutwa, na mahafali yanapita. Wapo wanaolipa ada ya mwaka wa ziada kwa ajili ya safu moja ya Excel. Na hao ndio waliopata bahati ya kukamatwa. Asiyekamatwa, grafu yake inaingia kwenye andiko la mradi, na kijiji kinapangiwa hatua za ukame ambao haukuwapo.

Kinga yake inachukua siku mbili. Hifadhi nakala ya data ghafi mahali usipoigusa. Kwenye nakala ya kazi, geuza pengo zote ziwe NA (alama ya data inayokosekana) kama unatumia programu ya takwimu ya R, au nafasi tupu kama uko kwenye Excel, kisha tumia COUNT kuhesabu siku zenye kipimo katika kila mwezi. Tengeneza jedwali la miaka kwa miezi, na katika kila kisanduku andika idadi ya siku zinazokosekana. Jedwali hilo liweke kwenye viambatisho; mtahini akiliona mapema, maswali nusu yanaisha. Halafu amua kanuni yako kabla ya kuona matokeo. Kwenye joto unaweza kuvumilia siku chache, wastani hautayumba sana. Kwenye mvua ni vigumu, maana mm 60 zinaweza kushuka siku moja, na siku hiyo ndiyo iliyokosekana. Mwezi wa msimu usiokamilika, ama msimu wake unatoka kwenye uchambuzi, ama unaujaza kwa njia unayoieleza wazi.

Kujaza kwa CHIRPS, data ya makadirio ya mvua inayotegemea setilaiti, kunakubalika. Rekodi yake inaanza 1981 na kila kisanduku cha ramani yake ni nyuzi 0.05, yaani kama km 5.5. Ila kwanza linganisha na kituo kwa miezi iliyokamilika pande zote mbili, rekebisha tofauti, ndipo ujaze. Usiandike kwamba umethibitisha ubora wa CHIRPS kwa kituo hicho kabla hujajua kama kituo chenyewe kilitumika kuitengeneza, kwa sababu CHIRPS huchanganya setilaiti na vipimo vya ardhini. Ukilinganisha siku kwa siku, kumbuka pia kwamba kipimo cha kituoni husomwa saa 3 asubuhi na hubeba mvua za saa 24 zilizotangulia. Mvua ya jana jioni inaweza kuandikwa tarehe ya leo. Wengi huona uhusiano dhaifu wa siku kwa siku wakailaumu setilaiti, kumbe tarehe zimepishana.

2. Jumlisha kwa msimu, achana na mwaka wa kalenda.

Msimu wa Novemba hadi Aprili unavuka mwaka mpya. Ukijumlisha Januari hadi Desemba, unachukua mkia wa msimu mmoja na kichwa cha mwingine. Mvua za El Niño za 1997/98 zinakatwa vipande viwili na kilele chake kinafifia. Kwa kaskazini na pwani ya kaskazini, tenga vuli na masika, Oktoba hadi Desemba na Machi hadi Mei. Misimu hii haiendi pamoja. Masika ya Afrika Mashariki yalipungua kuanzia miaka ya 1980 hadi karibu 2010 huku modeli nyingi zikitabiri ongezeko, na watafiti bado wanajadili chanzo. Vuli nayo hufuata zaidi hali ya Bahari ya Hindi na El Niño. Vuli ya 2019 ilileta mafuriko makubwa. Ukichanganya yote kwenye jumla moja ya mwaka, mjadala huo wote umeupoteza.

3. p = 0.21 ni matokeo halali.

Andika kwamba hakuna mwelekeo ulio wazi kitakwimu, toa mteremko wa Sen (makadirio ya kasi ya kupanda au kushuka) kwa mm kwa muongo, na uendelee. Usirefushe wala kufupisha miaka mpaka p itii. Kazi yenyewe inaanzia hapo, kwa sababu mkulima anayesema mvua zimeharibika huenda hazungumzii jumla kabisa. Huenda anazungumzia mvua kuchelewa kuanza, au siku kavu kumi mfululizo mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. Jumla ya msimu inaweza kubaki mm 600 na shamba likafa. Kwa hiyo pima mwanzo wa mvua: kwa mfano, mm 20 ndani ya siku tatu, bila kufuatiwa na ukavu wa siku kumi katika siku 30 zinazofuata. Hesabu siku za mvua kuanzia mm 1, na urefu wa vipindi vikavu katikati ya msimu. Angalia joto pia, maana udongo unakauka haraka zaidi hata mvua ikiwa ile ile. Katika tasnifu nyingi, jambo la maana kwa kijiji limelala hapa, na mwanafunzi amelipita akikimbilia jumla.

4. "Je, umeona mvua zimepungua kutokana na mabadiliko ya tabianchi?" Swali hilo limeshajijibu. Uliza: "Msimu uliopita ulipanda lini? Ulirudia kupanda mara ngapi?" Jaribu dodoso kwa kaya chache katika kijiji jirani ambacho hakimo kwenye sampuli, kisha ulirekebishe kabla ya kulipakia KoboToolbox, programu ya kukusanyia majibu.

5. Fomula ya Yamane, ya kupata ukubwa wa sampuli, inataka idadi ya kaya kama unahoji kaya. Kaya 2,000 kwa kosa la 0.05 zinakupa 333. Lakini 333 hiyo ni ya kijiji kizima. Ukitaka kulinganisha kaya zinazoongozwa na wanawake na nyingine, panga matabaka tangu mwanzo, la sivyo utajikuta na kaya chache mno za kusemea.

6. Wa mikoko na misitu: mkanda wa kawaida unapima mzingo, gawanya kwa 3.14 upate kipenyo. Ukisahau, biomasi inavimba mara tisa au zaidi. Mkoko wenye mizizi inayotoka shinani na kulishikilia kama nguzo (Rhizophora) unapimwa sm 30 juu ya mzizi wa juu kabisa, si kwenye mita 1.3. Kaboni kwenda hewa ukaa ni mara 3.67, na ufanye mara moja tu. Wa gesijoto: tani moja ya metani huhesabiwa sawa na tani 28 za hewa ukaa kwa ripoti ya tano ya IPCC, jopo la kimataifa la tabianchi, na 27 kwa ya sita ikiwa haitokani na mafuta ya kisukuku; chagua toleo moja ubaki nalo.

7. Wa sera, someni msingi wa ahadi. Kenya katika NDC (ahadi ya nchi chini ya Mkataba wa Paris) ya Desemba 2020 iliahidi kupunguza asilimia 32 kufikia 2030, ikilinganishwa na tani milioni 143 za gesijoto ambazo zingefikiwa bila hatua zozote. Lengo linakuwa kama tani milioni 97. Kuandika kwamba Kenya itapunguza theluthi ya uzalishaji wake wa sasa ni kosa, na linajirudia kila mwaka. Asilimia 30 hadi 35 za Tanzania katika NDC ya 2021 nazo zimejengwa juu ya makadirio ya namna hiyo.

8. Barua ya ruhusa ya utafiti Tanzania Bara inashuka ngazi kwa ngazi: chuo, Katibu Tawala wa Mkoa, wilaya na halmashauri, Mtendaji wa Kata, Mtendaji wa Kijiji. Kenya anza na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Beba nakala za kutosha. Ukanda wa kati usiende Desemba wala Januari, watu wako shambani. Juni hadi Agosti wanavuna au wameshavuna na wana nafasi ya kukaa nawe. Na ukishapita viva (mtihani wa kutetea tasnifu), rudisha kwa Mtendaji wa Kata kurasa mbili za Kiswahili zenye grafu ya msimu, tarehe za kuanza mvua, na idadi ya siku zilizokosekana kwenye data. Acha nakala moja kwa bwana shamba, maana yeye ndiye atakayeulizwa Novemba ikifika.