Mrija ulioitwa wa kupoteza muda

Wiki iliyopita tulimpokea mama wa upasuaji wa tatu wa uzazi. Makovu yalikuwa yameshikamana, daktari akawa anachambua polepole, na ganzi ya spaino, ile inayochomwa mara moja kwenye maji ya mgongo, ikaanza kumwisha mama tumbo likiwa bado wazi. Lakini pamoja na spaino nilikuwa nimemwekea mrija wa epidurali, mrija mwembamba unaobaki mgongoni, nje ya utando wa maji ya mgongo, wa kuongezea ganzi. Nikauvuta kwanza kwa bomba: hakuna damu, hakuna maji ya mgongo. Nikaingiza humo dawa ya ganzi, lidokeini ya asilimia 2 yenye adrenalini, mililita 5 kwa awamu. Akatulia, akaendelea kuniuliza uzito wa mwanawe. Nusu kaputi haikuhitajika. Nilijivunia, na bado najivunia.

Maana kwa miaka nimesikia: "Wewe choma spaino tu, unatuchelewesha." Nimeambiwa hivyo mbele ya wanafunzi. Iliniuma, na haijaacha kuniuma. Lakini spaino peke yake ikiisha, imeisha. Huna pa kuongezea. Daktari Soresi alishaeleza njia ya kuunganisha ganzi hizi mbili, spaino na epidurali, mwaka 1937, iweje leo ionekane mbwembwe?

Wenzangu watoa dawa za usingizi, siri kubwa ni maandalizi. Bupivakeini nzito, dawa ya spaino iliyo nzito kuliko maji ya mgongo, hushuka chini mgonjwa akiwa ameketi. Ukishaichoma kupitia ndani ya sindano ya Tuohy, ile nene ya epidurali, kisha ukahangaika kutafuta mrija, ganzi itabaki makalioni. Kwa hiyo mrija uwe umeshajazwa maji ya chumvi na plasta zimeshakatwa kabla hujagusa mgongo. Tafuta nafasi ya epidurali kwa maji ya chumvi, si hewa. Acha sentimita 4 hadi 5 za mrija ndani, kisha mlaze mgonjwa haraka.

Dozi ya spaino ipunguze. Miligramu 7.5 zinaweza kutosha pale ulipozoea kutoa 10 au zaidi, na presha haiporomoki sana. Ganzi ikikwama chini, mililita 5 hadi 10 za maji ya chumvi kwenye epidurali huisukuma juu.

Usiuamini mrija kwa sababu tu mgonjwa hasikii maumivu. Hiyo ni kazi ya spaino. Huenda umeingia kwenye mshipa wa damu au kwenye maji ya mgongo. Vuta kila mara, toa kidogo kidogo, ihesabu kila dozi kuwa ya majaribio. Na kabla mgonjwa hajatoka tieta, bandika lebo kubwa kwenye mrija, muuguzi wa wodini asije akaingiza humo dawa ya mshipa.