Muulize Mzee wa Faya: Kifua cha jim ninacho, mbona pumzi inakata?

Shikamoo mzee. Mimi ni kijana wa miaka 22 niko Uyole hapa Mbeya, form four nimemaliza na JKT nimepita, sasa nataka kuingia Zimamoto tangazo likitoka. Jim nabeba chuma mwaka wa pili huu na pushapu 60 napiga bila kupumzika. Ila juzi tulipanda mlima Loleza na washikaji nikaishia katikati, kifua kimebana, mdogo wangu mwembamba yeye akafika juu. Nimeingiwa na wasiwasi. Hivi huko wanataka mwili wa aina gani na nijiandaeje?
Kijana wa Uyole

Marahaba mwanangu, ugonile. Hiyo siku ya Loleza imekufundisha kuliko miaka miwili ya jim, shukuru imekukuta sasa hivi na sio chuoni.

Ngoja nikueleze kitu ambacho vijana wengi hawakijui, yaani moto wenyewe ni sehemu tu ya kazi, sehemu kubwa ni kubeba. Nguo za kuzimia moto, buti, helmeti na mtungi wa hewa mgongoni, vyote pamoja vinagonga kilo 20 na zaidi, hapo hujashika kitu. Halafu unashika mpira wa maji, ule mwembamba wa milimita 45, mita 15 tu zikijaa maji zinameza karibu lita 24, hiyo ni kilo 24 bila kuhesabu mpira wenyewe, na hautaki kukunja kona. Sisi tunaokumbuka soko la Mwanjelwa lilivyoungua 2006 tunajua vichochoro vya soko vilivyo, gari haliingii kati ya vibanda, mpira unavutwa na watu kwa miguu.

Sasa sikiliza habari ya hewa maana ndio roho ya jibu langu. Chukua mtungi wa lita 6 uliojazwa baa 200, yaani kipimo cha presha ya hewa, ndani una hewa kama lita 1,200. Wakisema ni mtungi wa dakika 30 wamepiga hesabu ya mtu anayevuta lita 40 kwa dakika. Mtu anayehema kama ulivyohema wewe pale Loleza anaweza kuvuta lita 80, kwa hiyo zile dakika 30 zinakuwa 15, na ndani ya hizo 15 kuna kuingia, kutafuta mtu, na kutoka. Kwa hiyo mwanangu stamina sio ya kushinda mbio, stamina ni hewa. Mdogo wako mwembamba siku hiyo angebaki ndani muda mrefu kuliko wewe na kifua chako.

Marekani na Kanada kuna jaribio la wanaotaka kuingia zimamoto linaitwa CPAT, wanakuvalisha koti la uzito wa kilo 22 na ushee, unafanya kazi nane mfululizo na zote ziishe ndani ya dakika 10 na sekunde 20. Unaanza kupanda ngazi za mashine dakika 3, na hapo wanakuongezea kilo 11 mabegani, kisha unavuta mpira, unabeba vifaa, unainua ngazi, unapiga nyundo, unatambaa kwenye njia ya giza, unaburuta sanamu la mtu la kilo 75, unamalizia na kutoboa na kuvuta dari. Hapa kwetu sio lazima ulikute hilo, nimekutajia uone wanachopima, hakuna hata sehemu moja ya kulala chali unasukuma chuma. Miguu, mgongo, mikono ya kushika, na pumzi.

Kwa hiyo fanya hivi. Siku tatu kwa wiki kimbia, mbili ziwe ndefu na taratibu kiasi kwamba unaweza kuongea na mwenzako, moja ya kupanda kilima kwa kasi halafu unashuka UKITEMBEA, usije ukakimbia mteremko na mzigo, magoti hayana spea. Siku nyingine mbili jaza kiroba mchanga, anza kilo 10 mpaka ufike 20 baada ya wiki kadhaa, beba mgongoni panda ngazi za jengo lolote watakalokuruhusu. Beba madumu ya maji mkono huu na huu. Funga tairi kuukuu kwa kamba, livute ukirudi kinyumenyume, ndivyo mtu anavyoburutwa. Jim usiache, ila punguza kifua ongeza miguu. Na siku mbili lala upumzike, mwili unajengeka ukiwa umepumzika.

Kingine sisi watu wa nyanda za juu tunajisahau. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, mapafu yetu yanazoea, hiyo ni baraka. Lakini baridi yetu inatudanganya. Chuo cha Zimamoto kiko Chogo kule Handeni, Tanga, na huko ni joto, wewe uliyezoea sweta la asubuhi Uyole utashangaa jasho linavyokumaliza. Mwili unahitaji kama wiki mbili kuzoea joto, kwa hiyo kabla ya kwenda anza kufanya mazoezi mepesi mchana jua likiwaka, na kunywa maji kabla kiu haijaja. Ukisikia kichwa kinazunguka au jasho limekata ghafla, acha hapo hapo kaa kivulini.

Kabla ya yote nenda hospitali wapime presha na moyo. Sikutishi, kule Marekani karibu nusu ya askari wa zimamoto wanaofia kazini ni moyo unasimama ghafla, sio moto. Kama unavuta sigara acha leo.

Huko chuoni kuna gwaride, kuna mafundo ya kamba, ngazi, pampu, huduma ya kwanza, uokoaji wa ajali na visima. Na kuna kutambaa gizani umevaa barakoa, hapo wenye misuli wengi hupaniki. Chumba kikiungua joto la darini linaweza kupita nyuzi 600, unafuu uko sakafuni, ndio maana tunatambaa. Jizoeze kutuliza pumzi ukiwa umechoka, vuta kwa pua, toa polepole.

Tangazo likitoka lisome mwenyewe neno kwa neno, umri, urefu, vyeti, tattoo. Na atakayekuomba hela akuingize, mkimbie.

Mzee shikamoo, mimi ni binti niko Makambako, naambiwa hii kazi sio ya wanawake kwa sababu ya kubeba watu. Ni kweli?

Marahaba mwanangu. Sio kweli, wanawake wapo kwenye jeshi na wanafanya kazi. Hilo jaribio la CPAT mwanamke anafanya lile lile kwa muda ule ule, na wanafaulu. Mtu habebwi begani kama gunia la viazi, anaburutwa, unamshika chini ya makwapa, unakunja magoti, unasukuma kwa miguu. Wewe uliyebeba ndoo ya maji kichwani tangu utoto mgongo na shingo unavyo tayari, kinachokosekana mara nyingi ni nguvu ya mikono kushika, kwa hiyo ning'inia kwenye bomba kila siku, sekunde 10, kesho 12, ukifika 60 niandikie tena.