Binti wa miaka 13 na bresi ya mgongo
Pole dada. Umeuliza kama binti yako avae bresi, lile gamba gumu la kushikilia mgongo uliopinda, hata shuleni, maana inamchubua kiunoni. Avae. Mimi nilianza darasa la saba, uti wa mgongo umepinda nyuzi 31. Bresi haikusudiwi kuunyoosha, inazuia usizidi kupinda mtoto akiwa bado anarefuka. Na saa nyingi za kuivaa ndizo zinazolipa: utafiti wa Marekani na Kanada uliotoka 2013 ulionyesha hivyo.

Michubuko? Avae ndani yake fulana ya pamba inayobana, igeuze mishono iwe nje, uivute isibaki kunjo hata moja. Mafuta asipake hapo, ngozi italainika ichubuke zaidi. Wekundu ukikaa nusu saa tangu avue, mrudishe kwa fundi wa bresi airekebishe. Halafu sketi mnunulie saizi kubwa, ipite juu ya bresi. Zangu zilikuwa zinafyatuka vifungo mstarini!