Amonia ikipita kwenye valvu, baridi inatoka wapi?

Swali: Shikamoo mhandisi. Mimi ni opereta chumba cha mashine, kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Chuoni tulifundishwa kanuni ya kwanza ya themodinamiki: joto linaloingia ni sawa na ongezeko la nishati ya ndani kujumlisha kazi inayofanyika. Kazini nakuta jedwali la amonia, ile inayozunguka kwenye mabomba yetu kuleta baridi, nishati ya ndani haimo kabisa, ni enthalpia tu, h kila safu. Halafu naambiwa kwenye valvu ya kushusha presha h haibadiliki. Sasa mbona amonia inaingia vuguvugu, na upande wa pili bomba limejaa barafu? Kama nishati haikupotea, joto limekwenda wapi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Watu wanazeeka kwenye hizo mashine bila kuuliza hilo.

Kanuni uliyofundishwa ni sahihi, ila kwa sura hiyo inahusu kitu kilichofungiwa, kama gesi ndani ya silinda yenye pistoni. Mashine yako haijafungiwa kitu. Amonia inaingia huku na kutoka kule, usiku na mchana. Kila kilo inayoingia inasukumwa na iliyo nyuma yake, na ikitoka inabidi isukume iliyo mbele. Kusukuma nako ni kazi, na kiasi chake ni presha mara ujazo. Chukua nishati ya ndani, u, jumlisha hiyo pv, umepata h. Basi. Neno lenyewe linatajwa kuwa la Heike Kamerlingh Onnes, Mholanzi aliyeigeuza heliamu kuwa kimiminika mwaka 1908, kwa hiyo limetoka kwa mtu wa baridi mwenzetu.

Kabla ya valvu, tubandike sufuria jikoni. Sisi tuko mita 1,140 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 96, hayangoji 100. Kilo moja ya maji yaliyokwisha kuchemka, mpaka yote yawe mvuke, inadai kilojuli kama 2,268. Takriban 2,100 zinaingia kwenye mvuke wenyewe, kuzitenganisha molekuli zilizokuwa zimeshikana. Zile 168 zilizobaki humkuti nazo mvuke. Zimeisukuma hewa ya Mwanza ipishe, kwa sababu kilo moja ya mvuke inataka mita za ujazo 1.9, yaani mapipa tisa na nusu ya lita 200. Mkaa wako umelipia vyote viwili. Anayehesabu mkaa anaitaka h. U peke yake itamdanganya.

Sasa valvu. Tuseme amonia inafika ikiwa kimiminika cha nyuzi 30, presha bar 11.7, na inatoka kwenye bar 1.9, nyuzi 20 chini ya sifuri. (Hizo ni presha kamili. Geji yako upande wa chini itasoma kama bar 1 tu, kwa kuwa sifuri yake ni hewa ya hapa.) Valvu haina shafti wala moto, na amonia inapita haraka mno kupokea joto la maana kutoka nje. Ndiyo maana h ya kuingia ni h ya kutoka: kilojuli 322 kwa kilo kwenye jedwali ninalotumia mimi. Lako likianzia sifuri mahali pengine usishtuke, tunachotumia ni tofauti.

Lakini hakuna aliyesema u haibadiliki. Kwa presha hiyo ya chini kimiminika hakiwezi kubaki na nyuzi 30, kwa hiyo sehemu yake inachemka hapo hapo, asilimia 17 au 18. Kuchemka kunadai joto, jirani wa kukopwa ni kimiminika kinachobaki, nacho kinapoa mpaka nyuzi 20 chini ya sifuri. Kilojuli kama 233 zimehama hivyo ndani ya kila kilo. Hazikutoka nje ya bomba. Kati yake 21 hivi ni za kusukuma, maana mchanganyiko unaotoka umefura mara 66 hivi ya ujazo ulioingia. Kuingia ilisukumwa kwa kilojuli 2 tu. Tofauti, 19, imetoka mfukoni mwa amonia yenyewe: u imeshuka, pv imepanda, jumla haikutikisika.

Kosa hili nimelifanya mimi mwenyewe nikiwa mwanafunzi wa mafunzo kazini. Nilipiga hesabu ya mota ya kompresa, mashine inayovuta mvuke wa amonia na kuukandamiza, kwa tofauti ya u, nikapata mota pungufu kwa karibu robo. Mzee aliyekuwa akinisimamia aliitazama karatasi, akaniuliza, "Hiyo gesi inaingia kwa miguu yake?" Nilikuwa nimesahau kazi ya kuivuta ndani na kuisukuma nje. Umeme wa mota, kwa kila kilo, ni h ya kutoka kompresa ukitoa h ya kuingia, pamoja na hasara za mashine yenyewe.

Kwenye zamu yako hili lina faida moja ya haraka. Mvuke unaozaliwa kwenye valvu hauna tena kazi ya maana chumba cha baridi, ila kompresa itaubeba vile vile. Kimiminika kikifika kwenye valvu na nyuzi 40 badala ya 30, unapanda mpaka asilimia 21. Basi minofu ikichelewa kuganda, usikimbilie kufungua valvu. Pima kwanza joto la bomba la kimiminika kabla ya valvu. Likiwa juu kuliko kawaida, nenda kaangalie kondensa, pale mvuke unapopozwa uwe kimiminika tena, na maji yake. Na lile bomba la upande wa pili usiliguse kwa mkono mtupu, ngozi itabaki pale.