Nimelalamika, nikapewa zamu ya usiku, kisha barua ya kufukuzwa

SWALI: Wakili, shikamoo. Nilikuwa fundi mitambo kiwandani hapa Mtwara, mwaka wa nne sasa. Msimamizi wetu ni mgeni. Hutuita "weusi wavivu" mbele za watu, na wageni wenzake wanaofanya kazi ileile wanalipwa zaidi. Nikaandika barua ya malalamiko utawala. Wiki iliyofuata nikahamishiwa zamu ya usiku, zikaja barua mbili za onyo la kuchelewa, na juzi nimefukuzwa. Nitathibitishaje kuwa ni ubaguzi na kisasi? Hakuna aliyetamka.
Fundi, Chikongola

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hawatamki. Wanaandika "utovu wa nidhamu". Kwa hiyo mtafute mgeni wa zamu yako aliyechelewa akaachwa bila onyo. Daftari la getini lina saa zake. Mlinzi anayelijaza ni shahidi mzito kuliko rafiki yako wa karibu, maana hana sababu ya kukupendelea. Matusi nayo: nani alisikia, siku gani? Mshahara ulinganishe kazi kwa kazi, cheti kwa cheti. Kama mwenzako ana ujuzi usiokuwa nao, hapo mwajiri atapumua.

Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza ubaguzi wa rangi, utaifa na kabila, na unyanyasaji wa aina hiyo unahesabika kuwa ubaguzi. Ukionyesha dalili za kutosha, mzigo wa kuthibitisha unahamia kwa mwajiri.

Kwenye kisasi, silaha yako ni tarehe. Kabla ya ile barua ya malalamiko, ulikuwa na onyo lolote? Na nakala yako ina muhuri wa kupokelewa? Hapa ndipo wengi wanapokwama: mwajiri atasema hakujua kama umelalamika, na asiyejua halipizi. Ukiwa huna muhuri, hata ujumbe wa simu wa ofisa akikuuliza habari ya barua unafaa. Kutumia haki yako si sababu halali ya kuachishwa kazi, na uhalali wa sababu anauthibitisha mwajiri.

Usikae. Dai la kuachishwa kazi isivyo haki hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30; madai mengine ya kazi, siku 60. "Subiri bosi arudi kutoka Dar" haisimamishi siku hizo. Wakikuita kuchukua mafao, soma karatasi yote kwanza. Penye maneno "sina madai mengine" usitie saini.