Maswali ya Wasomaji: Wikendi ya Theluji kwa Mtoto Aliyetoka Nairobi

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wazazi wenye watoto wa sekondari walio Marekani kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Karibu zote zinauliza kuhusu kambi ya majira ya baridi, ile ya kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili mchana.

Binti yangu ana miaka 16, yuko Minnesota kwa familia mwenyeji. Januari wanaenda kambi. Nimeona koti zito zuri Gikomba, nataka kumtumia. Litamtosha? – Mama, Kayole

Mama, koti hilo liache sokoni Gikomba. Nauli ya kulituma inaweza kushinda bei yake, na kule familia mwenyeji au waandaaji wa kambi mara nyingi huwa na makoti ya kuazima. Mwambie binti aulize mapema, wiki mbili kabla, wala asione haya. Wanaoishi kwenye theluji wamezoea kuombwa koti.

Kitakachomtesa zaidi ni jasho. Huku Nairobi Julai ikibana tunaongeza sweta, basi. Kule mtoto huvuta sledi, kile chombo cha kutelezea thelujini, kupanda kilima, akalowa jasho ndani ya koti zito, kisha akasimama dakika ishirini akingoja zamu. Jasho lile lile ndilo linalomgandisha. Pamba hunywa maji na kukawia kukauka, kwa hiyo fulana ya pamba, jinzi na soksi za shule zibaki nyumbani hata kama ni nzito.

Avae tabaka tatu. Ya kwanza hushika ngozi: fulana ya mikono mirefu na taitisi za sufu au poliesta. Ya pili ni ya kutunza joto: sweta ya sufu au ile jaketi laini yenye manyoya mafupi. Ya tatu huzuia upepo na maji, juu na chini. Akitoka nje ahisi baridi kidogo. Akianza kupata joto afungue zipu kabla hajaloa. Watoto wengi hungoja mpaka mgongo umelowa ndipo wavue, na hapo wamechelewa.

Kwa siku tatu abebe suti mbili za ndani, soksi za sufu jozi nne, marvini (kofia za baridi) mbili na glavu jozi mbili. Glavu zisizotenganisha vidole zina joto zaidi, kwa sababu vidole hupashana moto. Usiku avae nguo kavu kabisa, soksi zikiwemo. Asilale na zile za mchana hata akidhani zimekauka.

Viatu viwe na nafasi ya kuchezesha vidole. Soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana huzuia damu, na mguu hupoa zaidi kuliko ukivaa moja. Gambuti zetu hazifai, maana mpira mtupu hauna kitu cha kutunza joto na jasho halina pa kutokea. Viatu vikilowa avijaze magazeti, aviweke mbali na hita. Joto kali hulegeza gundi.

Kwa mzazi ambaye mtoto wake bado hajaondoka: masoko ya mitumba ya Toi na Gikomba yana sweta za sufu na jaketi nyepesi za poliesta. Soma lebo ya ndani, si ya kifuani. Ukipata jaketi ya theluji, tazama kama ina mkanda wa lastiki ndani kiunoni, unaozuia theluji isiingie mtu akianguka, kisha mwagia mkono wake matone ya maji. Yakiteleza, sawa. Yakizama, hilo ni koti la Nairobi.

Nitateleza kwa skii mara ya kwanza maishani. Nifanye nini nisiaibike? – Mwanafunzi, South C

Kuanguka utaanguka, hata wenyeji walianza hivyo. La muhimu ni kuanguka vizuri.

Anza dukani kwa kukodi vifaa. Utaulizwa uzito, urefu, umri na kiwango chako. Sema ukweli, hasa uzito. Kwa majibu hayo fundi hupima kifungo kinachoshika kiatu kwenye skii, yaani ule ubao mrefu mwembamba wa kutelezea. Kikikazwa kupita kiasi hakitaachia ukianguka, na goti ndilo litakalolipa. Kikilegezwa mno skii itachomoka bila sababu. Kiatu vaa na soksi moja nyembamba inayofika gotini. Ukisimama wima vidole viguse mbele kidogo, ukikunja magoti virudi nyuma.

Usiende mlimani kabla ya somo la kwanza. Utafundishwa kuleta ncha za skii karibu na kutanua visigino, umbo la sambusa. Ukitanua zaidi unapunguza mwendo. Uzito uwe mbele, mbele ya mguu chini ya goti iegemee ulimi wa kiatu. Wanaoanza huogopa na kujivuta nyuma kama wanaokalia kiti, na hapo ndipo skii huwakimbia. Ukiona umeshindwa, anguka kwa ubavu, upande wa mlima, usijaribu kujizuia kwa mikono. Kuinuka, weka skii chini yako zikiukata mteremko, zisielekee bondeni. Njia rahisi Marekani huwekwa alama ya duara la kijani. Siku ya kwanza baki hapo.

Kofia ngumu ikae vidole viwili juu ya nyusi. Ukisuka mafundo au kufunga nywele kisogoni itasukumwa mbele na haitakulinda, hivyo suka mistari ya chini isiyo na shanga siku chache kabla. Skafu ndefu usivae, inaweza kunaswa kwenye kiti cha kupandia mlima. Tumia ile ya mviringo ya shingoni. Na upake krimu ya jua usoni. Theluji inaweza kurudisha hadi asilimia 80 ya miale inayounguza, na ngozi nyeusi pia huungua. Macho nayo yanataka miwani.

Nimesoma kwamba watu hupoteza vidole kwa baridi. Na hao watoto watatembea juu ya ziwa! – Baba, Kasarani

Baba, hofu yako ina msingi, na kambi inayoendeshwa vizuri ina utaratibu wa yote mawili.

Usitazame nyuzi peke yake, tazama na upepo. Nyuzi 0 za Fahrenheit ni 18 chini ya sifuri kwa Selsiasi. Upepo wa kilomita 24 kwa saa ukivuma hapo, mwili husikia kama 28 chini ya sifuri, na ngozi iliyo wazi inaweza kuganda kwa dakika 30. Waandaaji hufupisha au hufuta michezo ya nje hali ikifika hapo. Uliza wazi kiwango chao ni kipi.

Dalili ya kwanza ya kuganda ni ganzi. Vitabu vingi husema ngozi huwa nyeupe au nyekundu, lakini kwa ngozi yetu tafuta rangi ya majivu, na ugumu kama nta. Maumivu yakiisha ghafla si kupona. Kidole aingize kwapani, kisha aingie ndani. Asikisugue, asikipake theluji, wala asikikaribishe motoni, kwa kuwa hakisikii na kitaungua. Kilichoganda kabisa hupashwa kwa maji ya nyuzi 37 hadi 39 za Selsiasi, na tu ikiwa hakitaganda tena. Vinginevyo ni hospitali. Mwenzake akianza kujikwaa na kuropoka kama mlevi, au aliyekuwa akitetemeka aache huku bado ana baridi, mwili umepoa kupita kiasi. Avuliwe nguo zilizolowa, afunikwe, na namba ya dharura 911 ipigwe.

Kuhusu ziwa, kipimo cha Minnesota kwa watembea kwa miguu ni barafu safi, ya rangi ya buluu au kioo, ya sentimita 10 au zaidi. Nyeupe yenye theluji ndani ina nusu ya nguvu, hivyo huhitaji unene mara mbili. Hupimwa kwa kutoboa mahali pengi, sio mara moja ufukweni, kwa sababu penye mkondo huwa nyembamba. Hata hivyo hakuna barafu isiyo na hatari. Mtoto asiingie ziwani bila mwalimu aliyepima siku hiyo.

Mwanangu ni Mwislamu. Chakula na sala itakuwaje? – Mzazi, Pumwani

Mwambie aandike haja zake kwenye fomu ya kambi, asingoje mezani. Mtego usiotarajiwa ni zile peremende laini nyeupe (marshmallow) za kuchoma kwenye moto wa jioni. Nyingi hutengenezwa kwa jelatini ya nguruwe. Zipo za halali, abebe pakiti yake na awagawie wengine.

Sala zinataka mpango. Katikati ya Januari huko Minnesota jua huchomoza karibu saa mbili asubuhi na kuzama karibu saa kumi na moja jioni, kwa hiyo Adhuhuri, Alasiri na Magharibi huangukia ndani ya takriban saa tano, katikati ya michezo. Amwonyeshe msimamizi ratiba siku ya kwanza. Kwa udhu, kupaka maji juu ya khufu, yaani soksi za ngozi alizovaa akiwa na udhu, humwepusha kulowesha miguu. Muda wake ni siku moja kwa mkazi na siku tatu kwa msafiri. Masharti mengine amuulize sheikh wake kabla.

Simu yake itazimika kwenye baridi? – Mama, Buruburu

Inaweza kuzimika hata ikiwa na chaji. Aiweke mfuko wa ndani, karibu na mwili, na asiichaji ikiwa bado imeganda. Kipulizio cha pumu nacho kikae humo humo.

Waandaaji wametaka sahihi yangu. Niangalie nini? – Baba, Donholm

Visa yake ikiwa J-1, ile ya mipango ya kubadilishana, bima lazima ilipe angalau dola 100,000 kwa kila ajali au ugonjwa. Uliza kwa maandishi kama skii imo, maana baadhi ya bima huiondoa. Na kama kambi iko karibu na mpaka wa Kanada, hakikisha ratiba haivuki. Visa ya Marekani haimruhusu kuingia huko, na kurudi bila DS-2019, karatasi inayothibitisha mpango wake, yenye sahihi ya safari kutamletea taabu mpakani.