Je, dawa iliyowasaidia panya itamfaa mwanangu?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mwanangu wa miaka minane amepimwa akakutwa na sindromu ya frajaili X. Kengele ya shule ikilia anaziba masikio na kupiga mayowe. Wengine wanasema anadeka. Nimesoma kwamba panya wenye tatizo hilo walipewa dawa wakapata nafuu. Nitaipata wapi? Na nikizaa tena?
Mama wa mmoja

JIBU: Marahaba, mama. Mwanao hadeki hata kidogo, na seli za ubongo wake zi hai.

Frajaili X ni hali ya kurithi inayogusa ubongo. Kwenye kromosomu X, moja ya nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli, kuna jeni iitwayo FMR1, iliyotambuliwa mwaka 1991. Ina kipande kinachojirudia, kwa watu wengi mara 30 hivi. Kikizidi 200, jeni huzimika na protini yake haitengenezwi. Protini hiyo ni breki: huzuia protini nyingine zisitengenezwe ovyo pale seli za neva zinapounganika. Breki ikikosekana, vichipukizi vya kupokea ujumbe huwa vingi, virefu na vyembamba, kama vya ubongo ambao haujakomaa.

Sasa hiyo kengele. Kwa kawaida, mlio uleule ukirudiwa, ubongo huuzoea na kuupuuza. Watafiti wakiwavika wenye frajaili X kofia yenye nyaya za kupima umeme wa ubongo, wanaona mazoea hayo hayaji upesi. Kwa panya wameona pia kuwa seli za ubongo zinazotuliza seli nyingine ni zembe. Kwa hiyo kelele inayokupita wewe, yeye humwingia yote, kila mara. Mwalimu wake ayajue haya. Amwonye kabla ya kengele, amruhusu kuvaa vifunika masikio au kutoka mapema kidogo.

Habari ya panya ni ya kweli, na ilitupa matumaini makubwa. Lakini mavoglurant, mojawapo ya dawa hizo, inayopunguza nguvu ya mGluR5, kipokezi cha ujumbe kwenye seli za neva, ilipojaribiwa kwa vijana na watu wazima haikufua dafu mbele ya kidonge kisicho na dawa. Utafiti ukasitishwa mwaka 2014. Nisingependa utoe hata senti kwa anayekuahidi kidonge cha kuponya. Mpeleke kwa mtaalamu wa matamshi, huko kuna faida.

Kuhusu kuzaa: mvulana hupata X yake kwa mama, wala si kwa ulichokula au kufanya. Kila mimba ina uwezekano wa nusu kwa nusu wa kurithi X yenye hitilafu hiyo. Onana na mshauri wa jeni kabla hujashika mimba, na dada zako wapimwe pia.